Kumbatio la Turubai

Kwa miaka thelathini na mmoja Fundi alishona katika chumba kimoja, mbele ya dirisha moja, akiutazama ukuta uleule. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya jiko la hospitali ya wagonjwa wa akili, kati ya stoo ya mablanketi na mahali pa kufulia. Ndani mlikuwa na cherehani tatu za kukanyaga, meza ndefu ya kukatia, pasi, na kabati la vitambaa ambalo ufunguo wake alikuwa nao yeye peke yake. Alishona mashuka, mapazia, foronya, mavazi ya wagonjwa na makoti meupe ya madaktari. Makoti ndiyo aliyojivunia. Daktari akipita uani na koti limemkaa sawasawa mabegani, Fundi aliacha kukanyaga cherehani na kumfuata kwa macho mpaka apotee, kama mzazi anayemwangalia mwanawe akienda shule siku ya kwanza.

Alishona pia mashati ya turubai. Haya yalikuwa na mikono mirefu kupita kiasi, iliyozibwa mwishoni ikawa kama mifuko, na kila mkono ulikuwa na mkanda kwenye ncha. Mgonjwa aliyechachamaa alivalishwa shati hilo, mikono yake ikapishanishwa kifuani, mikanda ikazungushwa na kufungwa mgongoni. Wauguzi walikuwa wakiliita "kumbatio".

"Fundi, wiki hii nataka makumbatio sita," msimamizi wa wodi ya wanaume alikuwa akimwambia, ameegemea mlango.

"Sita? Mmepata wachumba wapya?"

Walicheka wote wawili, na Fundi akachukua chaki na kuanza kupima. Hakuwa mtu mbaya. Watu wa hospitalini walimpenda kwa ule mzaha wake mkavu na kwa kuwa hakuwahi kumwambia mtu "njoo kesho" kama walivyo mafundi wengine. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani, wakapiga naye picha kwenye ngazi. Mkewe alifariki mwaka wa pili wa kustaafu kwake. Akabaki na binti yake, mwalimu wa biolojia wa sekondari, ambaye hakuwa ameolewa na hakupenda kuulizwa.

Nyumbani kwao walizaliwa watatu. Wa kwanza alikuwa dada yake, aliyempita kwa miaka sita. Yeye akafuata. Wa mwisho alikuwa Kitinda, kama walivyomwita tangu mdogo, na Kitinda alikuwa amekufa zamani, akiwa na miaka ishirini na sita, katika hospitali ileile alimokuwa akifanya kazi kaka yake. Alikufa kwa homa ya ghafla. Hivyo ndivyo ukoo mzima ulivyojua, na hivyo ndivyo mama yao alivyowaambia waliokuja kumpa pole, kwa kuwa ndivyo Fundi alivyomwambia yeye.

Dada alikuwa akiishi mbali, mwendo wa siku mbili kwa gari, katika mji alikokwenda kuolewa. Alipofiwa na mumewe alihamia chumba kimoja cha kupanga. Baadaye magoti yakaanza kumgomea. Mwanawe mmoja alikuwa baharia, haonekani mwaka mzima. Mwingine alikuwa na mke asiyeelewana na mama mkwe, na hilo halikuhitaji maelezo marefu. Fundi ndiye aliyempigia simu.

"Dada, unakaa huko unasubiri nini? Njoo tuzeekee pamoja."

"Wewe ulishazeeka kitambo," Dada alimjibu. "Lakini nitakuja. Nikikufia nyumbani kwako usilalamike."

Kwa hiyo shule zilipofungwa, binti alimchukua baba yake kwenye gari lake dogo wakaenda kumhamisha shangazi. Godoro likafungwa juu ya gari, masanduku mawili na sanduku la vyombo yakashindiliwa nyuma, pamoja na kiti cha plastiki ambacho Dada alikataa katakata kukiacha. Chumba kikakabidhiwa kwa mwenyewe. Dada alisimama mlangoni akakitazama mara moja tu, akasema, "Haya," wakaondoka.

Siku ya kwanza ya safari ilikuwa ya furaha. Dada alikaa mbele anyooshe miguu, Fundi nyuma, amebanwa na masanduku hadi magoti yakamfika kidevuni. Kila gari la mizigo lililowapita, Fundi alimwambia binti yake apunguze mwendo, na kila mara Dada alimjibu kwa niaba ya binti.

"Mwache mtoto aendeshe. Wewe cherehani yako ilikuwa haina hata breki."

Kama kawaida yake, haikupita saa mbili bila Dada kumtaja Kitinda. Miaka yote hiyo alikuwa hajaacha. Alikuwa amembeba mgongoni tangu akiwa mchanga, mama yao akiwa kazini, na alimzungumzia kama mtu anayemzungumzia mtoto wake.

"Baba yako mdogo yule," alimwambia binti, "alikuwa mwembamba, ufito mtupu. Unamfunga mikono nyuma kwa mtandio wa mama, unageuka kidogo tu, mikono iko mbele! Anaipitisha juu ya kichwa, hivi. Mabega yake yalikuwa kama hayana mfupa. Watoto wa mtaani walikuwa wanaleta peremende ili awaonyeshe."

Binti alicheka. "Baba, kweli?"

"Kweli," Fundi alisema, akafungua dirisha apate hewa.

Siku ya pili, jua likiwa limeanza kuwa kali, mshale wa joto la injini ulianza kupanda. Wakajikokota mpaka mji wa kati uliokuwa mbele, wakaingia gereji ya kwanza waliyoiona. Fundi wa magari aliinama, akachungulia, akasema mpira wa maji umepasuka, anao mwingine lakini itamchukua saa mbili.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na jengo refu jeupe, la madirisha membamba, lililoonekana kuwa zamani lilikuwa ghala. Juu ya mlango pameandikwa kwa herufi za bluu: JUMBA LA SANAA NA AKILI. Chini yake, kwa herufi ndogo: Picha, vinyago na vitu vya watu waliougua akili na waliowauguza.

"Twendeni tukaone," binti alisema. "Muhula ujao nafundisha ubongo. Nitapata cha kuwaambia wanafunzi."

"Mimi nabaki na gari," Fundi alisema.

"Gari lina fundi wake, Baba. Njoo. Umefanya kazi na watu hawa maisha yako yote, utatueleza."

"Twende," Dada naye akasema, akishika fimbo yake. "Hata kwa kivuli tu."

Fundi hakuwa na sababu ya kukataa, au tuseme hakuwa na sababu ambayo angeweza kuitamka. Wakavuka.

Chumba cha kwanza kilikuwa na vichwa vya udongo, kama arobaini hivi, vimepangwa kwenye rafu. Kila kimoja kilikuwa wazi utosini, na mtu aliruhusiwa kuchungulia ndani. Kimoja kilijaa sisimizi wa waya. Kingine kilikuwa na maji. Kingine hakikuwa na kitu, kimesuguliwa ndani kikang'aa. Dada alipita akichungulia kimoja baada ya kingine, akasimama kwenye kilichojaa funguo.

"Hiki changu," alisema. "Funguo tele, na hata mmoja sijui ni wa mlango gani."

Chumba cha pili kilikuwa na kiti kimoja tu na mashine ya kusikiliza ya kuvaa masikioni. Maandishi ukutani yalisema kwamba watu waliokuwa wakisikia sauti ndio waliosaidia kuitengeneza. Binti alivaa. Mwanzoni alitabasamu, halafu tabasamu likamtoka. Akaivua haraka, akaiweka chini taratibu kana kwamba ingeweza kumuuma.

"Wanasema nini?" Dada aliuliza.

"Wananisema mimi, shangazi. Hawanyamazi."

Katika ukumbi uliofuata palikuwa na michoro iliyochorwa kwenye migongo ya fomu za hospitali. Nyumba, mito, sura zenye macho matatu, dirisha lililochorwa mara mia kwenye karatasi moja. Mingine ilichorwa kwa mkaa, mingine kwa ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda. Wengine walitazama michoro, lakini Fundi alitazama fomu. Wino ulikuwa umepenya, na kwa nyuma aliweza kusoma safu: shuka, foronya, blanketi, zilizotolewa, zilizorudi. Karatasi kama hizo alikuwa amezijaza kila Jumatatu.

Angeweza kutoka pale. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakutoka. Lakini binti alikuwa ametangulia, na Dada alikuwa amemshika mkono kwa sababu ya magoti, na ukumbi ule ulikuwa na mlango mmoja tu wa kuendelea. Wakaingia chumba cha nne.

Kilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha. Katikati palikuwa na kabati la kioo, na ndani yake shati la turubai, limetundikwa kwa waya likatanuka kifuani na mabegani, kana kwamba kuna mtu ndani asiyeonekana, amejikumbatia. Binti akainama kusoma kibao kwa sauti, kwa kuwa miwani ya shangazi ilikuwa imebaki kwenye mizigo.

"Shati la kufungia wagonjwa. Turubai, ngozi na chuma. Lilitumika wodini kwa miaka mingi. Mkanda wa kupita katikati ya miguu ni nyongeza ya baadaye. Mshonaji hajulikani."

"Anajulikana," Fundi alisema.

Lilimponyoka. Alikuwa amesogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Pale mwisho wa kila mshono, aliona uzi umerudishwa nyuma mara tatu, kisha ukafungwa kwa kijipembe kidogo, pembetatu isiyozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Hakuna fundi mwingine aliyemaliza mshono hivyo. Mwalimu wake aliyemfundisha kushona alikuwa akimcheka kwa kupoteza uzi.

"Hii mishono ni yangu," alisema.

Mwongozaji wa jumba alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni, akainuka kwa haraka.

"Samahani, mzee. Umesema umelishona wewe?"

"Mimi."

"Jamani! Miaka sita tunatafuta mtu wa kutueleza lilishonwaje. Mimi mwenyewe nililazwa mara mbili, lakini wakati wangu yalikuwa yameshaachwa. Hebu nieleze."

Tangu Fundi astaafu hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza habari za kazi yake. Binti alimuuliza kama amekula, kama amemeza dawa. Sasa huyu mama alikuwa amesimama mbele yake, amevaa miwani, anasubiri, na Fundi akafunguka. Alieleza turubai lilivyowekwa mara mbili kwenye mikono. Alieleza uzi ulivyopitishwa kwenye mshumaa ili usinyonye unyevu. Alionyesha kwapani.

"Hapa ndani kuna kitambaa cha pamba, laini. Nilikiweka ili lisiwachubue. Hilo hakuna aliyeniagiza."

"Hatukujua," mwongozaji alisema. "Na huu mkanda wa miguuni?"

"Huo pia ni wangu. Shati la kwanza lilikuwa na kasoro, lilikuwa linavuka mwilini. Kulikuwa na mgonjwa mmoja akijivua. Unamfunga vizuri kabisa, unageuka kidogo, mikono iko mbele. Kwa hiyo nikapitisha mkanda chini, shati lisipande. Vifungo nikavihamishia juu, hapa kati ya mabega, ambako hata mtu awe..."

Maneno yalikuwa yamemfikia masikioni yeye mwenyewe.

Dada aliuachia mkono wake. Alifanya hivyo taratibu, kidole kimoja kimoja, kisha akahamishia uzito wake wote kwenye fimbo.

"Mgonjwa gani?" aliuliza.

"Dada, tutoke nje. Kuna joto humu."

"Nimekuuliza. Mgonjwa gani huyo aliyekuwa anapitisha mikono mbele?"

Mwongozaji alimtazama huyu, akamtazama yule, akarudi nyuma hatua mbili. Binti alikuwa bado ameinama kwenye kibao, na hakuinuka.

"Mimi nilimbeba mgongoni," Dada alisema. "Niambie mimi."

Walikaa kwenye benchi la saruji kwenye baraza ya jumba lile. Mwongozaji aliwaletea maji, akaondoka. Ng'ambo, fundi wa magari alikuwa chini ya gari lao. Hapo, mchana kweupe, watu wakipita na shughuli zao, Fundi alisema yale aliyoyaficha kwa miaka thelathini na mmoja; maana Kitinda alikufa mwaka wa kumi na mbili wa kazi yake, na miaka kumi na tisa iliyobaki alifanya kazi palepale, na kumi na miwili mingine ilikuwa imepita tangu astaafu.

Dada alikumbuka jinsi ilivyoanza. Kitinda alikuwa karani wa stoo. Akaanza kuziba madirisha kwa magazeti, akaacha kula chakula ambacho hakukipika mwenyewe, na siku moja akamsukuma mama yao akaanguka. Fundi akasema wampeleke hospitalini kwake. Dada, kwa simu ya posta, alimwambia asimpeleke kule. Naye akamjibu: "Nitamwangalia kwa macho yangu mwenyewe. Atakuwa mlango wa pili kutoka kwangu."

"Na ulimwangalia?" Dada aliuliza.

"Mwanzoni kila siku. Nilikuwa nampelekea chai. Halafu akaanza kusema mimi ndiye niliyemfungia, ananitukana mbele ya wauguzi. Nikawa naenda mara moja kwa wiki."

"Endelea."

"Msimamizi alikuja na shati mkononi. Akasema, Fundi, mdogo wako ametushinda, kila tukimfunga anajivua, amempiga mtu. Hebu lifanyie maarifa."

"Ukijua ni la nani."

"Nikijua."

"Kwa nini hukukataa?"

"Wangemfunga kwa kamba, Dada. Kamba zinakata nyama."

"Hivyo ndivyo ulivyojiambia?"

Fundi alikunywa maji.

"Hivyo ndivyo nilivyojiambia baadaye. Siku ile, kusema kweli, sikufikiria kamba. Nilikuwa nafikiria mshono tu. Nilikaa siku nzima nikitafuta njia, na nilipoipata nilifurahi. Msimamizi alipolirudisha na kusema halijavuka, nilifurahi."

Binti alikuwa amesimama kwenye nguzo ya baraza, mgongo umewaelekea. Mabega yake hayakutikisika.

Wiki mbili baada ya hapo, Fundi alisimulia, ilikuwa Jumapili, na wodini walikuwapo wauguzi wawili kwa wagonjwa tisini. Kitinda alifungwa asubuhi mapema, akalazwa kwenye godoro katika chumba cha peke yake, mlango ukafungwa. Alipokuja kutazamwa ilikuwa saa nne. Alikuwa amegeuka kifudifudi. Mikono imefungwa, shati halipandi wala halishuki, hakuweza kujigeuza. Uso ulikuwa ndani ya godoro. Walijaribu kulifungua wakashindwa, kwa sababu mikanda ilikuwa imekaza, na vifungo vya juu vilikuwa vigumu. Alivifanya vigumu makusudi. Wakatuma mtu nyumbani kumwita yeye aje na mkasi wake wa kukatia turubai.

"Nilimtoa mwenyewe," alisema. "Nilikata hapa, na hapa, na hapa."

"Alikuwa ameshakufa?"

"Alikuwa wa baridi."

"Halafu ukaniambia homa."

"Karatasi iliandikwa moyo. Mimi nikasema homa. Nilimwonea huruma mama."

"Usimtaje mama," Dada alisema. Hakupaza sauti. "Mama alikufa anamshukuru Mungu kwamba ulikuwa karibu na Kitinda siku ile. Alikuombea kwa ajili hiyo. Nilikuwepo."

Fundi alitamani alie ili aonekane analia, lakini macho yalikuwa makavu.

"Na baada ya hapo uliendelea kuyashona?"

"Ndiyo."

"Na mkanda huo?"

"Yote yaliyofuata yalikuwa na mkanda. Waliupenda."

Dada aliinuka. Alichukua muda, na Fundi alipomshika kiwiko kumsaidia, aliutoa mkono wake kama mtu anavyojitoa kwenye mwiba, bila hasira, kwa uangalifu tu. Mwongozaji alikuwa amerudi mlangoni. Kwa sauti ya chini alimwambia Fundi kwamba kama siku moja angetaka, wangeandika jina lake kwenye kibao na kurekodi maelezo yake, si kwa kumlaumu, ila watu wajue.

"Acheni hivyohivyo ilivyo," Fundi alisema.

"Ni sawa, mzee."

Gari lilikuwa tayari. Dada aliingia nyuma, akajibana kwenye masanduku pamoja na magoti yake mabovu. Fundi alisimama nje, hajui akae wapi, mpaka binti yake alipomfungulia mlango wa mbele bila kumtazama.

"Shangazi, huko nyuma utaumia," binti alisema.

"Endesha, mwanangu."

Walisafiri alasiri yote, lakini kwa muda waliopoteza gereji hawakuweza kufika nyumbani siku ile. Walipofika mji wa kulala, binti alichukua vyumba viwili katika nyumba ya wageni, kimoja cha baba, kimoja cha yeye na shangazi. Fundi hakujua wale wawili walizungumza nini, na binti hakuwahi kumwambia. Asubuhi alimkuta Dada amekaa nje, amevaa, fimbo magotini.

"Nimefikiri," Dada alisema. "Chumba changu nimeshakitoa. Mwanangu yuko baharini. Yule mwingine unajua hali yake. Kwa hiyo nitakuja kwako, sina pa kwenda. Lakini usinishonee kitu. Hata kifungo kikikatika, usikishike."

"Sawa, Dada."

"Na usiniite kula. Nikisikia njaa nitakuja."

Basi wakaishi hivyo. Fundi alimpa chumba chenye jua, karibu na bafu, akahamia yeye kile cha nyuma. Dada hakumtukana wala hakumsema kwa majirani. Alimsalimia asubuhi kwa kuwa ni asubuhi, akamwomba chumvi kwa kuwa iko upande wake. Lakini ule utani uliokuwa umewalea tangu wadogo ulikwisha, na alikuwa hamtaji tena Kitinda. Fundi aligundua kwamba hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: miaka yote alikuwa akitamani anyamaze, na sasa alikuwa amenyamaza.

Binti yake naye alibadilika. Aliendelea kumpikia, kumkumbusha dawa, kumpeleka kliniki. Lakini siku moja Fundi alimkuta amekaa na koti la shule la mtoto wa jirani, anajaribu kushona mfuko uliochanika, anajichoma sindano hovyo. "Lete nikusaidie," Fundi alisema. Binti aliendelea kuinama. "Hapana, Baba. Nitaweza." Haikuwa jambo kubwa. Fundi alirudi chumbani, akakaa kitandani mpaka chakula kilipoiva.

Cherehani aliyokuwa nayo nyumbani, ya kutengenezea nguo za majirani, alimpa mwanamke mmoja wa mtaa wa pili aliyekuwa anajifunza. Alimwambia macho yamechoka.

Dada alikaa mwaka mmoja na miezi minne. Kisha yule mwanawe baharia akaacha meli, akapanga nyumba karibu na bandari, akaja kumchukua mama yake. Walipakia godoro, masanduku na kile kiti cha plastiki. Fundi alisaidia kubeba. Mwishoni alisimama kando ya gari, na Dada, ambaye alikuwa ameshakaa, alishusha kioo.

"Kaa salama," alisema.

"Safari njema, Dada."

Kioo kikapanda.

Alikuwa akipiga simu kila Jumapili, akimtaka binti. Fundi akipokea, Dada alisema tu, "Yupo?" na Fundi alimpelekea binti simu, akarudi kukaa. Ikawa hivyo kwa miezi mingi. Jumapili moja binti alikuwa ametoka, ameisahau simu mezani. Iliita, Fundi akapokea.

"Yupo?"

"Ametoka, Dada. Atarudi jioni."

Fundi alisubiri akate. Hakukata. Alisikia pumzi yake, na mahali fulani nyuma yake mtu anaosha vyombo.

"Nataka kukuuliza kitu," Dada alisema.

"Uliza."

"Siku ile ulipomkuta. Alikuwa amevaa viatu?"

Fundi alifumba macho. Alikuwa hajawahi kufikiria hilo, na bado alipoulizwa, aliona, wazi kama jana.

"Hapana," alisema. "Alikuwa miguu mitupu."

"Hata soksi?"

"Hata soksi."

Kule nyuma maji yalifungwa.

"Alikuwa hawezi kulala miguu ikiwa baridi," alisema. "Tangu mdogo. Nilikuwa namshikia mpaka asinzie." Kisha akasema, "Mwambie mtoto nitapiga jioni," akakata.

Fundi alibaki na simu mkononi mpaka kioo chake kikazima.